Mashine Iliyoanguka na Ndoo Kichwani

Tua ndoo, ndipo uanguke. Jana mlimsikia Sista Elieta, muuguzi wetu, akiisema methali hii pale zahanati, mkacheka, mkaniuliza imetoka wapi. Imetoka kwetu, kwenye kisa cha binti yangu, na kabla yake zilikuwapo tetesi.

Wanawake walisema kisimani kwamba kompyuta ya zahanati inasahau watoto. Wengine walifanya mzaha. Mimi sikuweza, maana juzi yake tu Sista alikuwa ameandika mle ndani kwamba Nakijwa wangu akichomwa penisilini huvimba koo. Yale maneno ya kisimani yakanikaa rohoni yasitoke.

Miezi miwili baadaye Nakijwa akajikata mguu kwa jembe, kidonda kikaoza. Tulimkuta nesi mgeni. Akafungua kompyuta, akasoma, akanituma nje nikajaze maji kwenye chupa. Niliporudi sindano ilikuwa tayari. Nikauliza ni dawa gani. Alipoitaja, nikamshika mkono. Hakukasirika, alinigeuzia kompyuta nijionee. Mahali pa onyo palikuwa patupu, akamtafutia Nakijwa dawa nyingine.

Kumbe siku ile tulipoandikisha, mashine iliganda, Sista akachomoa waya kama walivyozoea wote. Onyo lilikuwa halijahifadhiwa, likapotea.

Akaitwa Mbonea, kijana wa hapa hapa, aliyeitengeneza programu ya ndani kabisa, ile inayozitawala nyingine na kuamua mashine izimike vipi na iwake vipi. Alitueleza kwamba mashine ikizidiwa hujizima na kujiwasha yenyewe, ila kwanza huaga kila chombo kilichounganishwa nayo. Nikamuuliza mbona basi inaganda.

"Inaingoja printa ijibu, mama."

"Printa si ilikufa tangu mwaka jana?"

"Ndiyo. Inaingoja."

Sista akasema hata mume wake hajawahi kungojwa hivyo.

"Mbonea," nikamwambia, "mama yako ana ndoo kichwani, kizunguzungu kikamshika. Anafanyaje?"

"Anaita mtu amtue."

"Asipoitikiwa?"

"Anaitua mwenyewe, hata kwenye matope. Anatua ndoo, ndipo anaanguka."

"Sasa mashine yako imekosa nini?"

Alivuta kiti akaanza kazi, na ikamchukua siku tatu. Tangu hapo mashine ikizidiwa haipokei kazi mpya. Inahifadhi kwanza yaliyo mkononi, inaviita vyombo mara moja, kisichojibu kinaachwa, kisha inajizima na kuwaka. Nilimuuliza, je, hayo ya mkononi yakiwa yameshaharibika? Akasema hayo yaachwe yapotee, maana maji machafu hayamiminwi kwenye mtungi safi. Hilo nalifikiria mpaka leo.

Wiki iliyofuata Sista aliandika upya onyo la Nakijwa, na kabla hajamaliza ukurasa mashine ikaganda. Mkono wake ukaenda kwenye waya. Nikamwomba auache. Tukahesabu mpaka kumi na nne, kioo kikawa cheusi, kikawaka tena. Akatafuta jina la mwanangu. Penisilini ilikuwapo, herufi zote.

Basi, wanangu, shikeni haya:

Usichomoe waya kwa kuchoka kungoja.
Usimngoje asiyejibu.
Usipokee mzigo mwingine nawe unayumba.
Usimimine maji machafu kwenye mtungi safi.
Usimwache mtoto na sindano ukaenda kutafuta maji.
Na usianguke na ndoo kichwani. Tua ndoo, ndipo uanguke.