Kibuyu cha Mwanatumu

Nina ngano mdomoni, nani anaitaka? Haya, sogeeni.

Alikuwako mama mmoja, Mwanatumu, na mwanawe pekee, Mbwana, alikuwa askari wa mfalme. Jini la kisimani likamhurumia mama, likampa kibuyu. "Kitie sikioni, utamsikia mwanao. Mwite humo, atarudi."

Siku ya kwanza, wanawake wakitwanga mpunga, akakitia sikioni. "Mama, nina njaa." Akawageukia wenzake: "Anasema ameua simba!" Vigelegele vikapigwa.

Siku ya pili: "Mama, naogopa." Akawageukia: "Anasema amepewa upanga wa fedha!" Vigelegele vikapigwa.

Siku ya tatu: "Mama, niite nirudi." Kabla hajatunga uongo mwingine, jirani yake Siwema akaacha mchi, akampokonya kibuyu, akasikiliza.

"Mwanatumu! Mtoto analia huku!"

Vigelegele havikupigwa. Mwanatumu akajifunika uso kwa kanga, akamwita mwanawe mbele ya wote.

Mbwana akarudi amekonda, akiburuta mguu mmoja. Akakiona kibuyu, akauliza kwa upole, "Mama, kumbe kilikuwa kimeziba?"

Ngano yangu imeishia hapo, wanangu. Jibu la mama yule sikulisikia.