Bi Kalunguyeye na Chai ya Fahali

Nawajia!
*Njoo, tumekwisha kaa!*
Nawajia na mzigo!
*Utue hapa, tuufungue!*
Na ukiwa uongo mtupu?
*Tutaula na chumvi!*

Haya, sogeeni. Leo nawapeleka mbali, Uingereza, kule ambako mvua hunyesha bila hodi na watu ndio wanaoiomba radhi. Msinicheke, bado sijaanza.

Huko palikuwa na shamba la matufaha. Matufaha mekundu, yakiiva yanaanguka yenyewe: pu! pu! pu! Mwenye shamba alikuwa Fahali, shingo kama gunia, na puani pete ya shaba aliyodai ni pambo la ukoo wao. Tumbo la Fahali halikujua neno "basi". Alikula matufaha mpaka akashindwa, kisha akayalalia yaliyobaki asije akayala mwingine.

Ng'ambo ya ua wa miiba aliishi Bi Kalunguyeye, mjane mdogo wa mwili, mgongo wote miiba mifupi kama ya nungunungu, na wanawe wanne. Sasa jueni, kalunguyeye wa kule baridi ikiingia hulala usingizi mmoja mrefu mpaka jua lirudi. Akilala ameshiba, huamka. Akilala na njaa, ndiyo kwaheri. Siku hizo baridi ilikuwa inanukia. Bi Kalunguyeye aliwapapasa wanawe mbavu, akazihesabu moja moja kwa vidole, akaogopa sana.

Akaenda shambani.

"Hodi, Bwana Mkubwa. Zamani sisi wa nje ya ua hatukuwa tunaingia hapa. Je, matabaka bado yapo?"

"Matabaka?" Fahali akacheka, mooo! "Matabaka yamekwisha zamani, mama! Mlango uko wazi. Karibu chai, kisha ule matufaha upendavyo."

Bi Kalunguyeye nusura alie kwa furaha. Akaletewa birika la chai, kikombe, na maziwa pembeni. Sisi hapa tunachemsha vyote sufuria moja, mambo yamekwisha. Kule sivyo. Bi Kalunguyeye akatia maziwa kwanza, ndipo akamimina chai.

Jogoo, mlinzi wa mlango, akaruka juu ya kiti. "Kokoriko! Ameanza maziwa! Ameanza maziwa!"

Kondoo na mabata waliokuwa wamealikwa wakatazama dari. Fahali akainama kwa upole. "Matabaka yamekwisha, mama. Ila nadhani utajisikia vizuri zaidi kule nyuma, penye maganda."

Maganda yenyewe yalikuwa manne. Akayabeba nyumbani, wanawe wakayalamba.

Siku ya pili akarudi. "Hodi, Bwana Mkubwa. Matabaka bado yapo?"

"Matabaka yamekwisha zamani, mama! Karibu chai."

Mara hii akaanza chai, kisha maziwa. Jogoo kimya. Bi Kalunguyeye akainua kikombe, na kwa kuwa chai ilikuwa ya moto, akaipuliza: fuu, fuu.

"Kokoriko! Amepuliza! Amepuliza!"

"Matabaka yamekwisha, mama," akasema Fahali. "Ila..."

Bi Kalunguyeye hakungoja amalize. Alizunguka nyuma ya banda, akaketi penye maganda, akalia. Nani asingelia? Angefukuzwa kwa fimbo angalau angejua kosa lake.

Akiwa pale akasikia: gubu, gubu, gubu! Akachungulia. Alikuwa Fahali, kichwa chote ndani ya ndoo, anakunywa kama walivyokunywa babu zake waliovuta majembe. Alipomaliza akajifuta haraka, akatazama kushoto, akatazama kulia, kama mtoto aliyeiba sukari.

"Kumbe!" Bi Kalunguyeye akajisemea. "Kumbe huyu anaogopa kuliko mimi." Machozi yakakauka hapo hapo.

Siku ya tatu akaja na watoto wote wanne. Hakuoga. Miguu tope, miiba imejaa majani makavu. Hakupiga hodi. Alipita mbele ya Jogoo kana kwamba ni kigingi, akaenda moja kwa moja hadi kwa Fahali.

"Hujambo, mwanangu."

Fahali hakuwa ameitwa hivyo tangu alipokuwa ndama. Ulimi ukamteleza. "Shi... shikamoo."

Bi Kalunguyeye akakuna sikio. Akatazama dirishani. Akapiga mwayo. Ndipo akasema, "Marahaba."

Jogoo akaleta birika mbio. Bi Kalunguyeye akalisukuma kando. "Bado mnakunywa chai mbele za watu? Maskini. Sisi ukoo wa Miiba tuliiacha kabla shamba hili halijapandwa. Na yale matufaha, nani anayaangalia?"

"Mimi," Fahali akajibu kwa fahari.

"Wewe mwenyewe? Kwa macho yako?" Akashusha pumzi kwa huruma. "Mwanangu, wakubwa wa kweli hawakitazami chakula. Hukipa mgongo, pua juu, uso ukutani. Wewe hukufundishwa kwenu?"

Fahali akaona haya mpaka masikio. "Nilifundishwa! Nilisahau tu." Akageuka ukutani, pua juu. "Kwa muda gani?"

"Wakubwa hawaulizi muda."

Jogoo akageuka. Kondoo wakageuka. Mabata wakageuka, kwa! kwa! kwa! Na watoto wa Bi Kalunguyeye wakaingia kazini: viringi, viringi, chomo! Tufaha mgongoni. Viringi, viringi, chomo! Jingine.

"Bibi, mbona nasikia kitu kinaviringika?"

"Wakubwa hawasikii, mwanangu."

Wakala, wakabeba, wakala tena. Baridi ilipoingia, Bi Kalunguyeye alipapasa mbavu za wanawe, hakuona hata moja ya kuhesabu. Wakalala.

Jua liliporudi akaamka. Mwanawe wa kwanza alikuwa ametangulia kuamka kwa wiki nzima, hayupo kitandani. Bi Kalunguyeye akaenda shambani kumtafuta. Fahali bado yuko ukutani, amekonda, pua juu. Wageni wote uso ukutani. Na mlangoni Mama Panya, kitoto mgongoni, anaomba tufaha moja la ghalani. Kando ya Jogoo amesimama nani?

"Kokoriko! Amelitazama! Amelitazama!" Alikuwa mwanawe, kitambi mbele. "Matabaka yamekwisha, mama. Ila..."

Moyo wa Bi Kalunguyeye ukauma kuliko siku ile ya maganda. Akamshika mwanawe sikio, akamvuta hadi kwa kitoto cha Panya.

"Lete vidole vyako. Hesabu mbavu hizi."

Mtoto akahesabu moja, mbili, tatu. Ya nne ikamshinda. Akaingia ghalani mwenyewe, akatoka na matufaha mgongoni, akayatua mbele ya Mama Panya, hatazami mtu.

Mzigo nimeutua. Kamba ni yangu, vilivyomo ni vyenu!
*Tumevipokea!*

Na funzo lake? Matabaka yamekwisha, kule Uingereza na hapa kwetu pia, anayebisha ana wivu tu. Haya, chai iletwe. Vile vikombe vya maua vya kabatini mpeni yule mgeni aliyekuja na gari. Nyinyi wengine leteni vya bati.