Ubeti wa Majina wa Tarishi Jazz

Fumbo hili limewashinda wote waliolisimulia, na anayelisimulia leo naye limemlaza chali. Enyi wasikilizaji, huenda kwenu likapata mwenyewe.

Palikuwa na bendi ya dansi Korogwe, ikiitwa Tarishi Jazz. Mbelwa aliimba, na akiimba hata wauza mishikaki nje ya baa waliacha kupepea moto. Kilua alipiga gitaa la solo, na nyuzi zake zilitamka: akitaka kukusalimu, hakuwa na haja ya kufungua kinywa. Hiyari alipiga dramu. Umeme ukikatika, paa likivuja, mapigo yake hayakuyumba. Mwantumu aliitikia, na kipaji chake kilikuwa sikio: alijua pumzi ya mwimbaji inaelekea wapi kabla haijafika.

Walipiga katika baa za miji ya mkonge, wiki za mshahara, wachezaji wakigusana mabega na jukwaa. Waliitwa Dar es Salaam wakakataa. "Huko watu wanasikiliza wamekaa kwenye viti," alisema Hiyari, "kama wako msibani."

Kisha yakaja madisko yenye spika kubwa kama makabati. Baa moja baada ya nyingine ikawafungia mlango. Mhando, mpiga besi, mdogo wake Mbelwa na mume wa Mwantumu, akafariki. Bendi ikalala. Kilua akarudia cherehani, Hiyari akafuga mbuzi.

Miaka ikapita, hata siku moja redio ikapiga wimbo wao, na watu wakaanza kuulizana: hivi wazee wale bado wapo? Mwenye baa ya karibu na stendi akawaita wapige bugi, dansi la Jumapili alasiri.

Sasa, wimbo wao wa kufungia ulikuwa na ubeti wa mwisho walioutungia sharti. Uliitwa ubeti wa majina, kwa sababu uliwataja wenzao waliotangulia, ukianza na aliyetangulia karibuni. Mtu mmoja tu ndiye aliyeuimba, mpaka yeye mwenyewe amkabidhi mwingine kipaza sauti mbele ya wachezaji. Na aliyekabidhiwa ndiye aliyekuwa mkuu wa bendi. Asiyekabidhiwa haimbi ubeti huo, hata kama anaujua kama jina la mamaye. Mwenye ubeti akiusahau kabla ya kukabidhi, basi ubeti umekufa, na majina yamekufa nao. Walilitunga sharti hilo wakiwa vijana, wakidhani kusahau ni ugonjwa wa watu wengine.

Mwenye ubeti alikuwa Mbelwa, naye alikuwa anaogopa. Siku hizi alijikuta amesimama katikati ya chumba asijue amefuata nini. Alianza kuwaita wajukuu wote "baba", asije akakosea jina. Hakumwambia mtu.

Siku ya bugi ukumbi ulifurika. Ubeti wa majina ulipofika, Mbelwa akafungua kinywa, na ndani hamkuwa na kitu. Aliona feni inazunguka. Aliona nyuso.

Hiyari aliyaona mabega yake yakikakamaa. Hakusimamisha mapigo, aliyazungusha, akayachemsha, wachezaji wakadhani ni mbwembwe mpya, wakapiga vigelegele. Angenyamaza, ukumbi mzima ungejua.

Kilua akasogea, akauchezesha ubeti ule kwenye nyuzi, silabi kwa silabi. Mbelwa akajua yuko wapi, kama mtu aliyeshikwa mkono gizani. Lakini maneno hayakuja.

Mwantumu akaja nyuma yake, akamnong'oneza jina la kwanza, jina ambalo tangu mazishi hakuwahi kulitamka. "Mhando, shemeji."

Mbelwa akaimba mpaka mwisho.

Dansi lilipokwisha wakakutana nyuma ya jukwaa.

"Kaka, kabidhi," Kilua alisema. "Safari nyingine huenda..."

"Amkabidhi nani, wewe?" Hiyari akacheka. "Bila dramu yangu gitaa lako lingeongea na popo wa darini!"

"Na bila gitaa langu ungezunguka mpaka sasa kama punda wa kinu."

Mwantumu alikaza kanga kiunoni. "Nyote wawili mmemfikisha mlangoni. Ufunguo alikuwa nao nani?"

Kila mmoja alisema kweli, na hilo ndilo lililomtisha Mbelwa zaidi. "Jumapili ijayo nitakabidhi," alisema. "Niacheni nifikiri."

Alifikiri wiki nzima, akipima huyu, akipima yule. Jumapili asubuhi, akinawa uso, akajua ni nani. Akatabasamu peke yake kwenye beseni. Hakumtajia mtu, maana sharti lilitaka jina lijulikane jukwaani.

Alasiri, wimbo ulipokaribia ubeti wa mwisho, aliwageukia wenzake watatu, kipaza sauti mkononi. Akanyoosha mkono.

Mkono ukabaki hewani. Uamuzi wa asubuhi ulikuwa umekwenda zake.

Wote watatu waliliona hilo machoni mwake. Na safari hii hakuna aliyeweza kumsaidia, kwa kuwa yeyote ambaye angefungua kinywa angeonekana anajitaja mwenyewe.

Basi Mbelwa akaamua jambo la mwisho aliloweza kuamua, na akalitekeleza kwa mkono wake: akainama, magoti yakilia, akakilaza kipaza sauti sakafuni katikati ya wale watatu, akashuka kukaa na wachezaji.

Hiyari angali anagonga ukingo wa ngoma. Kilua kashika uzi mmoja. Mwantumu kavuta pumzi. Nawe uliyesikiliza hadi hapa, ungemwambia nani ainame akiokote?