Waya Kwenye Mkuyu Mdogo

Wapendwa, kabla hatujaleta shukrani zetu mbele asubuhi hii, naomba muufikirie mti mdogo, wa kubebwa kwa mikono miwili.

Alikuwepo binti mmoja aliyeng'oa mche wa mkuyu kwenye ufa wa ukuta wa nyumba ya marehemu mama yake, kabla ukuta ule haujabomolewa. Pale nyumbani hakikubaki kitu kingine chenye uhai. Akasikia kuna mama mmoja, fundi wa bonsai, ile miti inayolelewa chunguni ikabaki midogo lakini ikawa na umbo la mti mkubwa. Akampelekea.

Tawi lake nene lilisimama wima kama mkono wa mwanafunzi anayejua jibu. Fundi akamwonyesha kulizungushia waya wa kulishikilia katika umbo jipya, kwa mshazari, usibane wala usilegee. Kisha ikafika zamu ya kulipinda.

"Nitalivunja, mama," binti akasema. "Na mti mwingine sina."

"Lete mikono. Gumba liwe ndani ya kona. Vidole vilikumbatie kwa nje, maana huko nje ndiko linakopasukia. Haya, pinda taratibu. Na wewe upumue! Tunapinda tawi, hatupindi mtu."

Tawi likakubali. Fundi akamwagiza arudi mvua zikianza, kwa sababu mti ukinenepa, waya hauna budi kutoka.

Mvua zikaanza, binti hakurudi. Kila asubuhi alilitazama tawi lile akijiambia, nikiliachia litafyatuka. Mvua zikakatika. Ndipo alipoona waya umeanza kuzama kwenye gome. Akaubeba mti mbio kwa fundi, machozi yakimtoka.

Je, fundi alimgombeza? Hapana. Alichukua koleo. Binti, kwa haraka ya kusaidia, akashika ncha ya waya aanze kuuzongoa.

"Wee! Ukiuzongoa hivyo utavunja tawi. Waya hukatwa vipande vipande. Au unauonea huruma waya?"

Vipande vikaanguka mezani, kimoja kimoja. Binti alikuwa amefumba macho. Alipofumbua, tawi lilikuwa palepale.

"Halikurudi," akanong'ona.

"Lirudi wapi? Ndivyo lilivyo sasa. Ni wewe tu uliyekuwa hujui."

"Asante, mama. Asante sana. Sasa nije lini tena?"

"Ukitaka chai, njoo hata kesho. Kwa ajili ya mti, usije. Mimi nami ni waya."

Wapendwa, nani kati yetu alijipinda mwenyewe? Pale ulipokuwa karibu kupasuka, si kulikuwa na vidole vilivyokukumbatia kwa nje? Itaje mikono hiyo sasa, kimoyomoyo. Mungu ndiye aliyekuletea, na baadhi ya wenye mikono hiyo wako humu ndani, wamekaa safu ya nyuma yako.

Lakini yuko pia mwenzetu aliyekuja leo ameng'ang'ania waya. Kwa mtoto aliyekwisha kukua. Kwa nafsi yako mwenyewe iliyokwisha kusamehewa, ambayo bado unaichungulia kila asubuhi kwa hofu. Unaita uangalizi, kumbe gome linaumia.

Alama za waya zingalipo kwenye mkuyu ule, na juu ya alama hizo yamechipua majani. Basi leo, kabla ya sadaka, geuka umwambie aliyekulea, "Asante, nimesimama." Kisha mtafute uliyemlea wewe. Mwambie, "Umesimama." Halafu ondoa mkono.