Machipukizi ya Rwegasira

Mtu mmoja wa Kagera, jina lake Rwegasira, alikuwa na kibanja kikubwa cha migomba alichorithi kwa baba yake, mke aliyeitwa Kokugonza, na mtoto mmoja tu wa kiume, Kaijage. Mnaolima migomba mnaijua desturi yake. Kila shina huachiwa miti mitatu: mama, mtoto na mjukuu. Mama akishazaa mkungu wake hukatwa, kwa kuwa mgomba huzaa mara moja tu. Mtoto hushika nafasi yake, na mjukuu husubiri zamu.

Rwegasira alipenda mno kusifiwa. Siku ya sadaka ya mavuno alitaka mkungu wake uwe mkubwa kuliko yote pale kanisani, na watu waulizane ni wa nani. Akaona machipukizi yanamnyonya mama. Akayakata kwa panga, kisha akachimba mpaka jichoni, pale yanapochipukia, yasiote tena. Mwaka ule mkungu wake ulibebwa na wanaume wawili, jasho likiwatoka, na sifa zikamlevya. Kila shina lilipokwisha kuzaa alikwenda kuomba miche kwa majirani, nao walimpa huku wakimcheka pembeni.

Nyumbani mwake mambo yalikuwa hayo hayo. Kaijage alipofikisha miaka ishirini na mitano aliomba pembe moja ya kibanja ajenge, aoe. Baba akasema kibanja hakina vichwa viwili. Katika kikao cha ukoo kijana akifungua kinywa alikatizwa kabla hajamaliza, na wazee wengine walitikisa vichwa kukubali, maana nao walikuwa na vijana majumbani. Alitumwa kama mtoto, akalaumiwa kama mtu mzima.

Kokugonza aliyaona hayo, yakamuuma. Akaficha chipukizi moja nyuma ya jiko, akalifunika majani makavu, akawa analimwagilia maji ya kuoshea vyombo. Rwegasira akaligundua. Alilikata kwa panga lile lile mbele ya macho ya mkewe na mwanawe. Wiki ile ile Kaijage alifunga nguo zake akaenda kuishi ugenini. Mama yake alimsindikiza hadi barabarani. Baba alikuwa anapalilia, hakuinua kichwa.

Miaka ikapita. Kokugonza akafa, na moyoni Rwegasira alijua amekufa kwa majonzi, ila hakumwambia mtu. Mgongo wake ukapinda, asiweze tena kwenda kuomba miche, na wale waliokuwa wakimpa walikwisha kufa. Migomba ikazaa, ikaanguka, mmoja baada ya mwingine. Jua likafika mahali ambapo halikuwahi kufika tangu enzi za babu yake, na nyumba iliyokuwa imefichwa na majani ikaonekana yote kutoka barabarani. Ndipo Rwegasira akaogopa. Hakuogopa njaa. Kwao mtu huzikwa katika kibanja chake, na kaburi lake hutunzwa na mwanawe. Akampelekea Kaijage ujumbe kwamba arudi, kibanja chote ni chake.

Kaijage alikuja, mvi zimeshamwota, pamoja na watoto wawili waliomwangalia babu yao kama mtu wa kupita njiani. Walitembea kibanjani, mzee akiegemea fimbo, akimwonyesha mipaka ambayo mwanawe aliijua tangu utotoni. Nyuma ya jiko Kaijage alisimama, akatazama chini, pale lilipokatwa chipukizi la mama yake.

"Baba, nilikuomba pembe moja tu," alisema. "Leo unanipa chote, na mimi nimeshaota mizizi kwa watu."

Alilia, kwa kuwa alimpenda baba yake. Kesho yake akaondoka na wanawe.

Rwegasira alizikwa na majirani mwezi wa saba. Walipotaka majani ya mgomba ya kutandika waombolezaji wakalie, walizunguka kibanja kile chote wasipate hata moja, ikabidi watume watu wakayalete kutoka makwao.

Nanyi wazazi, wazee wa ukoo na viongozi, mnaoniuliza kila siku vijana wamekwenda wapi: kabla sijawajibu, hebu tazameni mikononi mwenu, mmeshika nini?