Ziara ya Mheshimiwa Mwakoi

Hebu niambie, umewahi kumwona mheshimiwa aliyerudi kutoka ng'ambo bila mapendekezo? Mwakoi, mwenyekiti wa kamati ya kuboresha utawala wa kaunti, alirudi na moja: ofisi za vijiji zifutwe. Mbeyu, msimamizi wa kijiji, akaona kazi yake inakwenda na maji. Siku ya wananchi kutoa maoni, pale sokoni, akasimama akitabasamu.

"Mheshimiwa, yote uliyoyaona huko tutayafuata?"

"Yote, dada. Wenzetu wameendelea!"

"Na wenyeviti wa kamati wanaofagia soko kila mkutano ukiisha, uliwaona? Au hukufika?"

Mwakoi akakohoa. "Nitakosaje kufika? Niliwaona kwa macho yangu. Nidhamu ya ajabu!"

Watu wakapiga makofi na vigelegele. Mbeyu, ambaye wenyeviti hao aliwatunga asubuhi hiyo akikoroga uji, akachomoa ufagio chini ya meza ya muuza samaki.

"Basi tuanze na wewe, mheshimiwa."

Mwakoi akayatazama matumbo ya samaki, kisha suti yake.

"Sikwenda," akanong'ona.

"Kwa kipaza sauti, baba, na wa nyuma wasikie."

"Sikwenda ng'ambo! Mapendekezo niliyatunga hotelini Naivasha!"