Utepe Mwekundu wa Mama Ratiba

Wapo watu ambao kazi haiwashindi. Kinachowashinda ni kutulia na namna moja ya kuifanya. Mama Ratiba alikuwa mmoja wao. Alikuwa fundi wa meno bandia, na mikono yake ilisifika mji mzima. Meno aliyoyatengeneza yeye, hata mwenye kinywa husahau kwamba hakuzaliwa nayo. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la dawa: meza ndefu iliyochubuka, sinki lenye ukoko wa plasta, jiko dogo la kuyeyushia nta, na ukutani rafu tatu.

Namna ya kutumia rafu hizo alifundishwa na fundi aliyemlea kazini. Kazi isiyoanzwa hukaa juu, inayoendelea katikati, iliyokwisha chini. Kila asubuhi, kabla ya kushika kisu, unazipitia zote na kuhamisha kinachostahili kuhamishwa. Basi. Ulikuwa utaratibu mkavu kama mkate wa juzi, lakini kwa miaka mingi hakuna meno yaliyopotea.

Siku moja akamsikia mtaalamu redioni akisema kwamba mtu mwenye mafanikio huzipa kazi zake rangi. Akanunua tepe, nyekundu ikawa alama ya kazi ya haraka. Jirani akamcheka: nyekundu si ndiyo ya kusimama, kama taa za barabarani? Akageuza, nyekundu ikawa kazi iliyokwisha. Ikaja zamu ya simu yenye kengele, ikalia kutwa kama mtoto mwenye chango. Kila utaratibu uliingia kwa shangwe ya bibi harusi na kutoka bila kuaga. Watu wakambandika jina la Mama Ratiba, naye akadhani wanamsifu.

Ndipo mambo yalipoanza kwenda mrama. Meno aliyoyaacha katikati aliyakuta chini. Mteja alifika kuchukua kazi yake, akaambiwa arudi kesho, na kesho yake pia. Mama Ratiba alijiuliza: ni nani anayenichezea?

Ndani ya chumba kile walikuwa wawili tu, yeye na wifi yake, mke wa kaka yake, aliyekuwa akimsaidia kusafisha, kufunga na kukabidhi kazi. Alikuwa mwanamke mpole, mwenye maneno ya kuhesabika. Zamani Mama Ratiba aliupenda upole ule. Sasa aliuona kuwa maji ya kina kirefu. Tena fundi mpya alikuwa amefungua karakana barabara ya pili. Angepata wapi wateja, kama si kwa mtu wa ndani? Kikulacho ki nguoni mwako, alijisemea.

Akawa macho na masikio. Wifi akiinuka, jicho lilimfuata. Akiinama, shingo ilinyooka. Simu ya wifi ilipolia, wifi alitoka nje kuipokea, na hilo nalo likawa ushahidi. Asubuhi moja Mama Ratiba alinyata hadi dirishani akamsikia akinong'ona, "Nakuomba sana, univumilie kidogo. Lakini yeye asijue kama tumeongea."

Asijue nini?

Siku hiyo hakufanya kazi hata chembe. Mezani palikuwa na meno ya Mzee mmoja ambaye kesho yake angesimama kuzungumza kwa niaba ya ukoo kwenye harusi ya mjukuu wake. Meno yalikuwa yamepangwa kwenye nta tu, bado kutiwa kwenye plastiki ngumu. Mama Ratiba akayafunga utepe mwekundu, akayaweka rafuni, kisha akaaga kwamba anakwenda sokoni. Badala yake akazunguka, akaingia kwa mlango wa duka la dawa na kujibanza nyuma ya pazia.

Hakukaa sana. Mwanamke asiyemjua, aliyejifunga kitambaa kichwani, aliingia akazungumza na wifi kwa sauti ya chini. Wifi akaenda rafuni, akautazama ule utepe, akayafunga meno ya Mzee kwa karatasi, akamkabidhi. Mwanamke akatoka mbio mbio.

Mama Ratiba akalifungua pazia kwa kishindo.

"Leo nimekukamata!"

Wifi akaruka, kopo la plasta likamwagika. "Ee jamani, wifi! Si umekwenda sokoni?"

"Ningekwenda ningeyaona haya? Niambie, yule wa barabara ya pili anakupa nini hata uniuze?"

"Nani wa barabara ya pili? Yule ni binti wa Mzee. Kafuata meno ya baba yake."

"Meno ya nta? Umempa mtu meno ya nta?"

"Yana utepe mwekundu. Nyekundu si imekwisha? Wewe mwenyewe uliniambia, simama, kazi imekwisha, kama taa za barabarani."

"Hiyo ilikuwa zamani! Juzi nimeirudisha, nyekundu ni haraka!"

"Ulimwambia nani?"

Mama Ratiba hakuwa amemwambia mtu. Aliamua tu, akiwa anachemsha chai.

"Na simu unazonong'ona?" alisema, sauti ikiwa imepungua makali.

Macho ya wifi yakajaa machozi. "Wateja wako wananitukana mimi. Nawabembeleza wakuvumilie, nawaomba wasikwambie, usije ukaaibika. Kumbe mwenzangu unanilinda kama mwizi. Kweli shukrani ya punda ni mateke." Akavua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka mezani, akaondoka.

Kabla Mama Ratiba hajajua amfuate yupi, wifi au yule mwenye meno, simu ikalia. Alikuwa binti wa Mzee, akilia na kucheka kwa pamoja. Baba yake aliyajaribu meno kwa furaha, akajipongeza kwa chai ya moto. Nta ikalegea, na meno yakaanza kudondokea kikombeni moja baada ya jingine.

Yaliporudishwa, Mama Ratiba aliyapanga upya, akayatia kwenye plastiki usiku uleule. Lakini plastiki haijui harusi. Ukiipoza kwa pupa, hupasuka. Ikapasuka. Kesho yake ndugu mdogo wa Mzee ndiye aliyesimama kuzungumza, akachanganya majina ya maharusi. Mzee alikaa kimya mstari wa mbele, leso mdomoni, na watu wakadhani analia kwa furaha.

Ilimbidi Mama Ratiba aende nyumbani kwa kaka yake akiwa ameinamisha kichwa. Wifi alimkaribisha, akamwekea kiti, lakini hakutabasamu.

"Nimekukosea, wifi. Nilimtafuta mchawi, na mchawi ni mimi."

"Nimesikia," alijibu wifi. "Nitarudi, ila kwa sharti moja. Chagua utaratibu mmoja, wowote ule, hata uwe mbaya. Ukiubadilisha, mimi sipo."

Walirudi pamoja. Tepe zikatupwa, kengele zikazimwa. Kila asubuhi walisimama mbele ya rafu tatu, juu, katikati, chini, hata siku ambazo Mama Ratiba alichoshwa na utaratibu ule ule. Meno ya Mzee yakatoka yakiwa mazima, akaletewa mpaka mlangoni na Mama Ratiba mwenyewe, aliyebaki pale kusikiliza hotuba yote ya harusi iliyokuwa imekwishapita. Wateja walirudi, wachache wachache. Wengine walikwisha hamia barabara ya pili, na kwa hao hakuwa na wa kumlaumu ila nafsi yake.

Siku moja kijana mtanashati aliingia karakanani, akafungua mkoba. "Mama, nina programu mpya ya kupanga kazi, itakubadilishia maisha."

Mama Ratiba aliitazama. Ilikuwa na rangi nzuri ajabu, na vidole vikamwasha. Akamtazama wifi, wifi alikuwa anasugua sinki, kimya. Ule ukimya sasa aliujua maana yake.

"Ahsante, mwanangu," alisema, akachukua kisu chake. "Mimi nimekwisha badilika vya kutosha."

Naam, mchagua jembe si mkulima.